Kata Polepole

Wembe ulikuwa mupya, kidonge kilikuwa kidogo kama jino la mutoto, na mikono ya Papa Sikuli ilikuwa inatetemeka. Alikiweka juu ya kifuniko cha sufuria ya marehemu bibi yake wa ndoa Kavuo, akafunga jicho moja, akakata. Nusu moja akameza na maji. Ingine akabaki anaiangalia. Mu nyumba hii Kavuo hakutupaka kitu, hata maganda.

Miaka kumi na mbili alimeza kizima kila asubui, dawa ya kutuliza woga. Ilianza siku Kavuo alikufia mu koridori ya hospitali, bakingojea saini ya mukubwa mwenye alikuwa ameenda kula.

Mama Germaine, infirmière, muuguzi mwenye serikali ilitoa Lubumbashi na kumutupa huku Butembo, ndiye alimwambia sasa inatosha.

— Utakata polepole, Papa Sikuli. Mwezi wa kwanza nusu, wa pili robo, wa tatu kakipande kama punje ya muchele. Kila siku fungua kipya. Kikishakatwa hakilali, baridi ya huku inakiharibu. Ile inabaki, tupa mu choo.

— Na nikiacha mara moja?

— Hapana. Mutu mwenye amezoea, akikosa siku tatu tu, anatetemeka, halali, anafokea mpaka mbuzi.

— Kumbe bakubwa bote balikosaka dawa.

Mama Germaine akacheka. — Na wewe, unaogopaka nini?

— Serikali.

Akaandika mu fishi, karatasi ya mugonjwa: sababu haijulikani.

Lakini sababu ilikuwa inajulikana, na ilikuwa inaingia kwake kila asubui saa moja, filimbi mu shingo. Ni Chef Melchior, mukubwa wa quartier, ule mutaa wote. Tangu alipewa ile kofia ya serikali, hakununua tena kahawa. Anaingia bila kubisha, anakaa ku kiti cha Kavuo, anangoja kikombe.

Ni yeye alipiga musalaba mwekundu ku ukuta wa jikoni ya Kavuo. Barabara ya Beni inapanuliwa, alisema, jikoni itabomolewa. Mutu yeyote mwenye macho aliona barabara iko metre makumi tatu kule. Ilitakiwa karatasi moja tu ya kusema vile, na saini ya Melchior chini. Jikoni ile Kavuo aliipaka udongo na mikono yake, alama za vidole vyake ziko bado pale. Kavuo mwenyewe, serikali ilishamukula.

— Saini iko na ngazi zake, alisema Chef akitia kijiko cha ine cha sukari. Lakini kahawa yako siku hizi iko chungu, Papa Sikuli.

— Tia cha tano, Chef.

Mwezi wa nusu, quartier ilianza kushangaa. Siku ya posho, Jumamosi, kwa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, batu bote bakifagia mifereji, Chef hakupiga filimbi hata mara moja. Mbuzi ya Mama Jokébed, yenye alikuwa amefunga kwa sababu ilikula maua ya ofisi yake, alienda kuifungua mwenyewe. Akaiomba samahani. Si Mama Jokébed. Mbuzi.

Mwezi wa robo, alikuwa anaita kila mutu mupenzi. Kwa mukutano alisinzia katikati ya hotuba yake mwenyewe, batu bakapiga makofi kuliko siku zote. Pasta Éliakim akatangaza kanisani kwamba ni maombi yake ya siku makumi ine. Bibi ya Chef akasema hapana maombi, ni majani ya mapera anamuchemushiaka. Papa Sikuli alikuwa anatwanga kahawa.

Na yeye mwenyewe alikuwa anapona. Mikono ilitulia. Usingizi ulirudi. Siku moja alijikuta anacheka peke yake mu shamba, akaangalia huku na huku kama mwizi.

Mwezi wa punje, Chef alimushika mukono, macho yake maji maji.

— Jikoni hii iko muzuri, mupenzi. Siku ya tano, Ijumaa, nakuja na karatasi, nasaini hapa hapa.

Paketi iliisha siku ya posho.

Siku ya pili, Jumanne, siku tatu bila kidonge, Papa Sikuli alikuwa wa kwanza ku bench ya centre de santé, kituo cha afya. Mama Germaine akamupima mushipa, akamwambia anyooshe vidole. Vilikaa kimya.

— Unalala?

— Nalala.

— Na woga?

— Ulienda.

— Basi, Papa, miaka kumi na mbili na umemaliza. Leo sikupi kitu. Enda nyumbani.

Papa Sikuli hakusimama.

— Nipatie ya siku tatu. Mpaka siku ya tano tu.

— Ya nini? Uko muzima.

— Mama, nakuomba na magoti.

— Miezi mitatu umekata vizuri, sasa unataka kuharibu kazi yetu?

Inje, filimbi ikalia. Ilikuwa miezi mitatu haijalia. Kwa dirisha bakamuona Chef Melchior katikati ya barabara, kofia imegeuka upande, macho mekundu, mikono inatetemeka, anafokea mbuzi ya Mama Jokébed. Karatasi ilikuwa inachungulia mu mufuko wa koti lake, bila saini.

— Na yule, ana nini leo? akauliza Mama Germaine.

Papa Sikuli alizungusha kofia yake mu vidole vyenye vilitulia.

— Mimi nilikuwa nakata polepole, Mama. Yeye, mu kahawa ya sukari tano, alikuwa anaongeza.