Hodi ya Mwisho Kabla ya Fundi

Siku hizi marehemu hutunzwa kwenye seva, na sheria inaturuhusu kuwapigia hodi mara moja tu kwa siku. Marehemu mume wangu hujibu, "Karibu," basi. Lakini seva yetu ina kasoro: ukiidanganya kwamba umesema maneno mengi kuliko hiyo hodi moja, hurefusha jibu kwa chochote kilicho jirani kwenye kumbukumbu yake. Ndivyo nilivyokipata kicheko cha mume wangu, hata kikohozi chake.

"Mama, fundi amekuja kuziba lile tundu la seva," alisema binti yangu Raye. "Wezi nao wanapita humo."

"Mwambie angoje kidogo, mwanangu."

Nikapiga hodi, nikadanganya. Akajibu mwanamume nisiyemjua, kwa upole: "Karibu, Mwanakombo. Mimi ni jirani wa mumeo humu; jana nilikusikia, ulilia sana."

Nikajikuta namjibu, "Ahsante, nimeshakaribia."