Meza za Twiga

Mama Domo wa meza ya pili anadai mhandisi alikuwa amelewa siku ile ya vipimo vya meza zao mpya. "Kama hakulewa, basi alipima twiga!" husema, na chumba kizima cha kupigia pasi hucheka, kila mmoja akikanda bega lake.

Msichana wa meza ya kwanza hucheka nao, kicheko cha meno tu.

Siku ile mhandisi alitaka mtu wa kimo cha kati, wakamsukuma yeye. Kijana wa watu akapiga magoti, akavuta futi kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha msichana.

"Umevaa ndara kama wenzako, dada?"

Akaitikia. Kumbe chini ya sketi ndefu alikuwa na viatu vya soli nene, ili mbele ya mgeni aonekane mrefu, na yeye yumo. Meza zote mpya zikachongwa kwa kiwiko hicho.

Leo bosi amemleta mhandisi amfukuze mbele yao. Shangazi yake msichana, ambaye bega halimruhusu tena kujifunga kitambaa kichwani, akamgeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyepimwa. Hebu mwambie bosi kwamba mhandisi alikuwa amelewa."

Mhandisi hakumtazama msichana usoni. Alizitazama ndara zake, nyembamba kama karatasi.