Rimu Ndogo za Mwanasha

Mwanasha alikaza nati ya mwisho, akashusha jeki. Rimu kubwa alizonunua kaka yake Shaweji zilibaki ukutani, zikimeremeta kama masinia ya harusi. Gari jekundu la mashindano sasa lilisimama juu ya magurudumu madogo yenye tairi nene.

"Umelitia aibu!" Shaweji alifoka. "Bwana harusi kavaa ndala! Kesho kwenye mbio mji mzima utatucheka."

"Wacheke. Zile zako zinapendeza kwenye lami laini. Barabara yetu imejaa mashimo. Ukikimbia zinadunda, na gari linalodunda halishiki kona."

"Maneno matupu."

Mwanasha alimsimamisha muuza kahawa aliyekuwa akipita, akaazima kikombe cha kahawa kilichojaa nusu, akamkabidhi kaka yake.

"Jana kwa rimu zako tulikwenda mwendo wa harusi na bado ulijimwagia kahawa kanzu nzima. Panda. Leo nakimbia."

Shaweji alipanda amenuna. Walipofika penye mashimo, Mwanasha hakupunguza. Tairi zilimeza shimo moja, zikameza la pili. Kahawa ilipanda hadi ukingoni, ikarudi. Shaweji alitazama kanzu yake. Ilikuwa nyeupe pe!

Mbele ikatokea kona kali ya machinjioni, ambayo kila dereva huipigia breki.

"Punguza, Mwanasha!"

"Shika kikombe, kaka."

Akakanyaga mafuta. Gari likainama kidogo, likaing'ang'ania lami, na kahawa ikaanza kupanda upande mmoja wa kikombe, taratibu, kuelekea kwenye ile kanzu nyeupe. Ikagusa ukingo, kisha kona ikaisha nayo ikarudi chini bila kumwagika hata tone.