Simu ya Aliyezikwa

Mwongeli alisikia sauti ya Bile kwenye simu, akaikata. Bile alikuwa amezikwa Maka wiki iliyopita, huko alikokwenda kuhiji.

Simu ilikuwa ya Ismahan, mjane wake. Ismahan alikuwa chumbani, amekaa eda, na Mwongeli, jirani yake hapo Tseikuru, ndiye aliyempikia na kupokea simu za pole. Namba ilikuwa ngeni, ndefu. "Ismahan, ni mimi," sauti ilisema polepole, kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Nyanya yake Mwongeli alimfunza tangu utotoni: aliyekufa akikuita, usiitike. Ukiitika, umemfungulia mlango.

Akazima simu kabisa, akaifukia kwenye debe la unga.

"Nani alipiga?" Ismahan akauliza, akichungulia kutoka chumbani.

"Network tu, dada. Inakatakata."

"Na umekauka hivyo kama umekanyaga nyoka?"

Mwongeli akainama kupuliza moto.

"Baba je? Amepatikana?"

"Mteja hapatikani."

"Mzee na ngamia wake. Akishawapeleka upande wa mto, hata chifu hampati." Ismahan alitaka kucheka, ikashindikana. "Lakini akija, Mwongeli, nitaweza. Bila yeye sijui nianzie wapi."

Mwongeli akamkumbuka Mzee Liban, baba yake Ismahan, siku ile ya kuondoka na ngamia. Alipita nyumba kwa nyumba, hata kwake yeye Mkamba wa kanisa, akampa mkono akiomba msamaha. "Umenikosea nini, Mzee?" Mwongeli alimtania. "Wewe nisamehe tu, mtoto wangu."

Ismahan akarudia lile swali lake, lile la kila siku. Kiongozi wa msafara wa mahujaji alisema jua la mwaka huu liliangusha watu barabarani, nyuso zikabadilika. Bile walimtambua kwa bangili ya plastiki, ile yenye jina, ambayo mtu asiyekuwa nayo haingii kwenye mahema yenye viyoyozi.

"Alikuwa nayo mkononi," Ismahan akasema. "Sasa mbona akafia juani?"

Mwongeli akasukuma kuni motoni. Usiku alilala taa ikiwaka.

Siku ya soko la mbuzi, saa ya adhuhuri, aliinua macho kutoka kwenye sufuria. Bile alikuwa amesimama langoni, kichwa kimenyolewa, shati linamning'inia kama limeanikwa.

"Mwongeli. Mbona mmezima simu?"

Akabana midomo.

"Hata salamu siku hizi hakuna?"

Akaiziba na mkono. Lakini Ismahan alikuwa ameshasikia. Alitoka mbio, akamshika Bile uso, shingo, mabega.

"Ana joto. Mwongeli, njoo mguse. Ana joto, anatoka jasho."

Bile akaeleza huku akitafuta pa kukaa. Alianguka juani, akaamka hospitali, hana simu, hana kitambulisho chochote, na hakuna aliyejua ni nani. Alipotaja jina lake walimwambia mwenye jina hilo ameshazikwa, mpaka ubalozi ukamwandikia karatasi za kurudi.

Ismahan alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Leta simu, Mwongeli. Baba lazima asikie hii."

Mwongeli akaitoa, akaipangusa kwa leso, akaiwasha. Ismahan akaanza kutafuta namba.

Bile akamfunika mkono kwa mkono wake.

"Usimpigie," akasema. "Nilimkuta huko, nje ya mahema, hana kibali, amekaa juani. Nikamvalisha bangili yangu."