Kidole cha Tunu

Mtoto alikuwa akiharisha tangu juzi na sasa amelegea mikononi mwa mama yake, hana hata nguvu ya kulia. Tunu, muuguzi aliyeajiriwa mwezi ule, alikuwa amemchoma mara mbili akitafuta mshipa wa kuwekea dripu, na mara zote alikosa.

"Sista Salome, naomba umchome wewe," alimwambia mkuu wa wodi. "Mimi naogopa."

Salome alikuja, lakini hakuchukua sindano. Alikishika kidole cha Tunu akakiweka juu ya mguu wa mtoto, karibu na kifundo.

"Mtoto aliyekaukiwa maji mishipa yake haionekani. Bonyeza kidogo, kisha achia. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Sista."

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo, na nilikaa muda mrefu kabla ya kuujua mshipa kwa kidole. Sogeza polepole."

Tunu alifumba macho. Kidole kilisogea juu ya ngozi ya baridi, kikasita, kikarudi nyuma. Chini yake kitu chembamba kilibonyea, kisha kikainuka tena kama uzi wa mpira.

"Upo," alinong'ona.

"Basi choma. Mimi nipo hapa."

Safari hii damu ilipanda kwenye kanula, kile kimrija cha sindano. Tunu alifungua dripu, na matone yakaanza kushuka. Alipogeuka kumshukuru Salome, alimkuta ameshafika kitanda cha pili, amemwinamia mgonjwa mwingine.

Baada ya kitambo mtoto alikunja uso, akafungua kinywa. Tunu na yule mama wakasogea karibu, wakingoja alie.