Chakula cha Kumwonyesha Mgeni

Mtaalamu wa lishe aliwaambia akina mama waziwazi: "Safari hii hatukuja na mpango wetu. Nyinyi ndio mtakaotupangia. Kesho kila mmoja alete chakula anachopika kwake kila siku, tuone kinachopungua."

Jioni Mashavu alifunua sufuria yake. Mlenda, usio na karanga wala tone la mafuta.

"Hicho ndicho utakachompelekea mgeni?" jirani yake Bi Mosi aliuliza toka uani. "Unataka kutuaibisha mtaa mzima?"

Mashavu akamkamata kuku wake, yule mmoja tu aliyekuwa akimtagia bintiye Zuhura tangu mtoto aanze kuvimba miguu. Akampeleka kwa Bi Mosi akachinjwe huko, mtoto asione.

Asubuhi ukumbi ulinukia kama nyumba ya harusi. Pilau, samaki wa nazi, kuku. Akina mama hawakutazamana usoni. Mtaalamu alionja kila sufuria, akaandika, akatabasamu.

"Hongereni, mama zangu. Mnakula vizuri kutushinda sisi! Maharage na unga wa lishe tutawapelekea wenye shida."

Mashavu alifungua kinywa. Bi Mosi akamfinya paja. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Mashavu naye akapiga.

Aliporudi alimkuta Zuhura amechuchumaa nyuma ya nyumba, mkono umezama ndani ya kapu la kutagia, anapapasa majani makavu polepole.

"Mama," alisema bila kugeuka, "leo kachelewa."