Mchagua Mkahawa

"Wamejaa," mumewe alisema akitoka mlangoni mwa mkahawa. Akainyoosha tai yake, akavuka barabara.

Mke alichungulia kupitia kioo. Meza zilikuwa tupu. Mhudumu alikuwa ameegemea kaunta akipiga miayo.

Zamani angeuliza. Siku hizi aliyaacha mambo yapite. Tangu wamzike mtoto wao, mwili wake ulikuwa kama shavu lililodungwa ganzi kwa daktari wa meno: lipo, lakini si lake. Akavuka barabara kwa sababu mumewe na mama mkwe walikuwa wamevuka.

Likizo yenyewe ilimjia ghafla. Mumewe, msimamizi wa ghala la kampuni, alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. "Twende mahali ukabadilishe hewa," alisema. Daktari alikuwa ameonya kwamba mke asishtuliwe, na tokea hapo mumewe alizungumza naye kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Alifunga mizigo mwenyewe. Alifunga hata cherehani.

"Pengine hamu ya kushona itakurudia," alimwambia.

"Na sufuria je?" mama mkwe aliuliza. "Nazo zinabadilisha hewa?"

"Mama, twende tu."

Basi ndiyo hivyo, mizigo waliiacha stendi waliposhuka basi, na sasa walikuwa wakipita mtaa wa mikahawa, mlango kwa mlango. Mumewe ndiye aliyekuwa akiingia. Wao wawili walingoja nje, kivulini, mama mkwe akijipepea kwa ncha ya mtandio.

Mkahawa uliofuata ulikuwa na muziki wa kutikisa vioo. Mumewe hakukawia kutoka.

"Hapa wanataka vijana."

"Nani kakwambia mimi sichezi?" mama mkwe alisema. Hakuna aliyecheka, naye hakujali. Alikuwa mtu wa kutania hata msibani.

Uliokuwa kando yake ulikuwa mkubwa, wenye vitambaa vyeupe mezani. Huko alikaa sana. Mke alimwona kupitia dirisha amesimama mbele ya mwanamume mwenye kitambi, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mumewe alicheka. Mwenye kitambi hakucheka.

"Mpaka mwezi ujao," mumewe alisema alipotoka.

"Chakula mpaka mwezi ujao? Kwani ndiyo kwanza wanapanda?"

"Wana ukarabati, Mama."

"Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma. Tumbo langu halijui kitambaa cheupe wala cheusi. Tuingie popote tule."

"Hili si jambo la kukurupuka," alijibu bila kumtazama. "Tukikosea hapa, tumekosea kweli."

Kola yake ilikuwa imelowa jasho. Nyumbani mwanamume huyu alikula chochote alichowekewa, mara nyingine amesimama, akitafuna huku anatafuta funguo. Hakuwahi kurudisha sahani wala kusema chumvi imepungua. Mke aliliona hilo kwa mbali, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha mtaa wa pili.

Mwisho wa mtaa, kwenye kona, palikuwa na mkahawa mdogo wenye ukuta wa rangi ya samawati iliyoanza kubanduka. Mara hii mumewe hakuelekea mlango wa mbele. Alizunguka nyuma.

"Makubwa," mama mkwe alisema. "Mteja gani huyu anaingilia uani?"

"Anataka kuona kama jikoni ni safi," mke alijibu.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile. Mama mkwe akaacha kujipepea.

Mumewe aliporudi, tai hakuwa nayo. Kitu fulani usoni mwake kilikuwa kimelegea, kama kamba iliyofunguliwa.

"Ni hapa," alisema. "Ingieni, kaeni pale dirishani. Agizeni mnachotaka. Mimi nakuja."

Wakakaa. Meza ilikuwa ya plastiki, lakini imefutwa vizuri. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, na tumbo la mke likanguruma. Alishtuka, kama mtu aliyesikia hodi katika nyumba aliyodhani haina watu.

"Naomba supu ya kuku," alimwambia msichana wa kuhudumu. "Na mkate. Na ndimu, kama ipo."

Mama mkwe alimkodolea macho. Kisha akageukia dirishani na kujifuta pua kwa mtandio, taratibu, asionekane.

"Kumbe likizo ni dawa kweli," alisema akiwa bado ametazama nje.

Mkono wa mke ulitambaa juu ya meza ukaushika wa mama mkwe. Ulikuwa na joto. Alikuwa amesahau kwamba mikono ya watu huwa na joto. Akafikiria kile chumba kidogo cha mtoto nyumbani, ambacho hakuna aliyekifungua tangu siku ya mazishi. Tukirudi, aliwaza, nitafungua pazia. Nitatandua kile kitanda mwenyewe. Hilo alitaka mumewe awe wa kwanza kulisikia, akageuka kumtafuta.

Bakuli la supu liliwekwa mbele yake. Mkono uliolileta ulikuwa na pete aliyouvisha yeye mwenyewe. Akainua macho. Mumewe alikuwa amesimama pale, amekunja mikono ya shati, amefunga aproni inayombana kifuani.

"Wamenichukua, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Naanza leo. Ile nyumba yetu ya kampuni, nilirudisha funguo zake asubuhi. Chumba chetu kiko hapo juu, ghorofani."